Bangili Mbili na Kidani Kimoja

Wasikilizaji wetu, leo twataka kuwasimulia habari za bangili mbili za almasi zilizotengenezwa mjini Paris, katika nchi ya Ufaransa, yapata miaka mia mbili na hamsini iliyopita. Mwenyewe aliyezinunua alikuwa Malkia Marie Antoinette, mke wa Mfalme Louis wa 16. Mfalme huyo aliuawa na raia zake, na malkia akafuata baada ya miezi tisa. Jumba lao likatekwa, na jina la ufalme likafutwa. Bangili zimebaki hata leo. Kwa hiyo yafaa tuziulize habari, kwa maana zilikuwako mambo yale yalipotendeka.

Kwanza tueleze umbo lake. Kila bangili ina safu tatu za almasi ndogo, zilizopangwa jiwe baada ya jiwe kama shanga katika uzi, na mahali pa kifungo pana almasi kubwa zaidi. Jumla ya almasi zote katika bangili mbili ni 112. Vito hupimwa kwa karati, na karati tano ni gramu moja. Wenye ujuzi wakadiria kwamba almasi hizi zina karati baina ya 140 na 150. Wanafunzi wakigawanya kwa tano watapata kwamba mawe yote hayazidi gramu 30, yaani hayafikii uzito wa yai moja la kuku. Yameshikwa kwa fedha na dhahabu. Masonara wa zamani walikuwa na desturi ya kutia fedha upande wa mbele ili weupe wa jiwe usigeuke rangi, na dhahabu upande wa nyuma unaogusa ngozi, kwa sababu fedha ikikutana na jasho huacha weusi mkononi. Mabibi wanaotusikiliza hawana haja ya kufundishwa jambo hilo.

Mtu asidhani kwamba almasi hizo zilitoka Kimberley au Mwadui. Almasi za Afrika ya Kusini zilianza kujulikana mwaka 1867, na zile za Mwadui, karibu na Shinyanga, zilivumbuliwa mwaka 1940. Zamani za malkia huyu karibu almasi zote zilizofika Ulaya zilitoka Bara Hindi na Brazili. Huko Brazili waliochimba na kuosha mchanga mitoni walikuwa watumwa, na wengi wao walikuwa Waafrika waliovushwa bahari kwa nguvu. Katika mabarua na madaftari ya Paris hatuoni jina la hata mmoja wao.

Sasa tumtazame malkia mwenyewe. Alizaliwa Vienna, mji mkuu wa Austria, mwaka 1755, binti wa Maria Theresa, mtawala mkuu wa nchi ile. Mwaka 1770, akiwa na umri wa miaka 14 tu, alipelekwa Ufaransa kuolewa na mrithi wa ufalme. Ndoa hiyo ilikuwa ya kufunga mapatano kati ya mataifa mawili yaliyokuwa maadui siku nyingi, na Wafaransa wengi hawakuyapenda mapatano yale. Basi tangu siku ya kwanza bibi arusi alikuwa mgeni anayetazamwa kwa jicho la pembeni. Mwezi wa Mei 1774 mfalme mzee, Louis wa 15, alikufa kwa ndui, na mtoto huyu wa miaka 18 akawa malkia wa nchi kubwa kuliko zote za Ulaya ya magharibi.

Mwaka 1776 alinunua bangili hizi kwa sonara aitwaye Charles Auguste Boehmer. Bei yake ilikuwa livre 250,000. Livre ndiyo iliyokuwa hesabu ya fedha ya Wafaransa siku zile. Hakuwa na fedha za kutosha. Sehemu ya bei alilipa kwa vito vyake vingine, navyo sonara alivipokea kwa thamani ndogo, na sehemu nyingine alimwomba mumewe. Mfalme akatoa bila kunung'unika. Lakini mjini Paris alikuwako Balozi wa Austria, Bwana Mercy-Argenteau, mtu mwangalifu sana, ambaye kazi yake mojawapo ilikuwa kumpasha mama habari za mwanawe. Akaandika kila kitu. Mwezi wa Septemba mwaka ule ule barua ya mama ikafika, nayo ilikuwa na maneno ya kuchoma: kwamba habari za bangili zimeenea, kwamba malkia hapati heshima kwa mapambo, na kwamba anajitia katika madeni. Binti akajibu kwamba hakudhani mama yake angesumbuliwa na kitu kidogo namna ile.

Kitu kidogo! Tuwape wanafunzi hesabu nyingine. Kibarua wa Paris katika zamani hizo alipata kadiri ya livre moja kwa siku, na mwenye bahati alipata kidogo zaidi. Tukisema alifanya kazi siku 250 katika mwaka, angepata livre 250. Ili afikie bei ya bangili mbili ingempasa kufanya kazi miaka 1,000, asile mkate wala asilipe kodi ya nyumba. Tulipowapa hesabu hii wanafunzi wetu wa chuo cha ualimu, mmoja akatamka kwamba sasa ameelewa kwa nini Wafaransa walifanya maasi. Tukamwambia angoje kidogo.

Mwaka 1778 Ufaransa iliingia katika vita vya Waamerika waliokuwa wakijitenga na Uingereza. Vita hivyo viliigharimu Ufaransa zaidi ya livre milioni 1,000, na nyingi katika fedha hizo zilikopwa. Gawanyeni tena: mngeweza kununua jozi 4,000 za bangili kama hizi kwa gharama ya vita vile. Ilipofika mwaka 1788, karibu nusu ya matumizi yote ya serikali ilikwenda katika kulipa madeni, na jumba la mfalme pamoja na watu wake wote, mabibi, farasi na karamu, lilitumia kama sehemu sita tu katika mia. Basi si bangili zilizofilisi Ufaransa. Walakini nani katika watu wa sokoni aliwahi kuliona deni la vita? Deni huandikwa katika daftari na daftari hufungiwa kabatini. Bangili huonekana mkononi, tena hung'aa. Mwenye njaa akitaka kujua fedha za nchi zimekwenda wapi, hutazama pale panapong'aa.

Hapa ndipo kinapoingia kidani, nacho ndicho kiini cha habari yetu.

Boehmer na mwenzake Bassenge walikuwa wametengeneza kidani cha almasi 647, uzito wake karati karibu 2,800, yaani zaidi ya nusu kilo ya almasi. Walikusudia Louis wa 15 akinunue kwa ajili ya kipenzi chake, Bibi du Barry. Mfalme akafa kabla ya kununua, na masonara wakabaki na kidani pamoja na madeni ya watu waliowakopesha fedha za kukusanyia mawe. Kwa vile walikwisha kumwuzia malkia bangili, wakaona ndiye mnunuzi. Wakampelekea zaidi ya mara moja, naye akakataa kila mara. Yasimuliwa kwamba alisema nchi ina haja ya manowari kuliko kidani. Bibi Campan, aliyekuwa mtumishi wake wa chumbani, ameandika katika kumbukumbu zake kwamba Boehmer alimpigia malkia magoti akilia na kusema atajitupa mtoni. Malkia akamwambia ainuke, avunje kidani na kuuza mawe moja moja. Lilikuwa shauri jema, na kama sonara angalilifuata, huenda mambo mengi yangalikuwa mengine.

Palikuwa na mwanamke mmoja aliyejiita Bibi wa heshima, Jeanne de la Motte. Kwa nasaba alitoka katika damu ya wafalme wa kale, lakini kwa mali alikuwa fukara, na kwa akili alikuwa mjanja kupita kiasi. Palikuwa na mkuu wa kanisa, Kadinali de Rohan, tajiri na mtu wa ukoo mkubwa, ambaye malkia hakumpenda hata kumsemesha. Kadinali alikuwa tayari kutoa chochote ili apate kukubaliwa tena. Jeanne akamwambia, mimi ni rafiki wa siri wa malkia. Akaanza kumletea barua zilizoandikwa na mwandishi wake mwenyewe, na usiku mmoja wa Agosti 1784 akamtilia kadinali mwanamke wa mjini aliyefanana na malkia, akiwa amevaa nguo nyeupe, katika bustani ya Versailles penye giza. Mwanamke akampa ua la waridi na neno moja au mawili, kisha akatoweka. Kadinali akarudi nyumbani na furaha kuu.

Baada ya hapo halikuwa jambo gumu kumwambia kwamba malkia anakitaka kile kidani, ila hataki mfalme ajue, basi kadinali awe mdhamini wake. Bei ikapatanwa livre 1,600,000, zilipwe kwa mafungu manne. Mkataba ukarudi umetiwa sahihi: Marie Antoinette de France. Hapo kadinali angalistuka. Malkia wa Ufaransa hutia sahihi jina lake la ubatizo peke yake, haongezi neno la nchi. Na mtu huyu alikuwa ndiye mkuu wa makasisi wa jumba la mfalme, tena amewahi kuwa balozi Vienna kwa mama yake malkia. Twastaajabu jinsi mtu mwenye elimu kubwa hivyo alivyoshindwa kusoma sahihi moja. Labda hatupaswi kustaajabu, kwa maana mwenye kutamani sana husoma lile lililomo moyoni mwake na kuliacha lile lililo katika karatasi.

Tarehe 1 Februari 1785 masonara walimkabidhi kadinali kidani, na kadinali akakipeleka nyumbani kwa Jeanne, akidhani kitachukuliwa na mjumbe wa malkia. Kikavunjwa mara hiyo. Mume wa Jeanne akachukua sehemu kubwa ya mawe, akavuka bahari, akayauza London.

Mwezi wa Julai Boehmer alimpa malkia karatasi ya shukrani, iliyosema kwamba almasi nzuri kuliko zote duniani zitampamba malkia bora kuliko wote. Malkia hakufahamu maana yake. Akaichoma moto kwa mshumaa, akadhani sonara yule ameanza tena wazimu wake. Tarehe ya kulipa fungu la kwanza ilipofika bila fedha kuonekana, siri ikatoka. Tarehe 15 Agosti 1785, siku ya sikukuu, watu wakiwa wamejaa katika jumba la Versailles wakingoja ibada, kadinali akakamatwa akiwa tayari katika mavazi yake ya kanisa.

Mfalme angaliweza kulimaliza jambo hili kimya. Yeye na mkewe walitaka haki ionekane, wakalipeleka mbele ya mahakama kuu ya Paris. Tarehe 31 Mei 1786 hukumu ikatolewa. Jeanne alihukumiwa kuchapwa viboko, kutiwa chapa ya moto begani yenye herufi ya neno mwizi, na kufungwa maisha. Kadinali akaachiliwa huru, na watu wa mjini wakamshangilia.

Tuifikiri hukumu hiyo kwa utulivu. Kumwachilia kadinali kulikuwa na maana kwamba mtu mwema aweza kuamini, pasipo kosa, kuwa malkia wa Ufaransa hukutana na wanaume bustanini usiku, na kwamba hununua almasi kwa siri huku mumewe hajui. Kwa nini neno hilo liliaminika? Liliaminika kwa sababu miaka kumi kabla yake alinunua bangili kwa sonara yule yule, kwa deni, akamwomba mumewe msaada, na Paris nzima ikajua. Kidani alikikataa, na ushahidi wote wa mahakama ulionyesha hivyo. Lakini mkono uliovaa bangili haukuaminiwa ulipokataa kidani. Jeanne naye alitoroka gerezani mwaka 1787, akakimbilia London, na huko akachapisha vitabu vya kumsingizia malkia, vikanunuliwa sana. Hata malkia aliposimamishwa mbele ya wahukumu wake mwezi wa Oktoba 1793, aliulizwa kama alijuana na mwanamke yule. Akajibu kwamba hakumwona kamwe.

Mambo ya maasi yenyewe wengi wenu mmekwisha kuyasoma shuleni, nasi hatutakawia hapo. Mwaka 1789 mkate ulipanda bei. Gereza la Bastille likavunjwa tarehe 14 Julai, na mwezi wa Oktoba wanawake wa Paris wakaenda kwa miguu hata Versailles kudai chakula, wakarudi na mfalme, malkia na watoto wao, wakawaweka katika jumba la Tuileries, chini ya macho ya watu wote.

Bangili zilikuwa pamoja nao. Mwanzoni mwa mwaka 1791, jamaa ile ilipokuwa ikiwaza kukimbia, malkia alikaa jioni nzima akifunga almasi, lulu na yakuti zake katika pamba, akishirikiana na Bibi Campan, na kuzipanga katika kasha la mbao. Kasha likapelekwa Brussels, nchi iliyokuwa chini ya Austria, likafika mikononi mwa Bwana Mercy-Argenteau. Ndiye yule balozi aliyemshtaki kwa mama yake kwa ajili ya bangili hizo hizo. Katika watu wote aliowajua, wale waliomsifu na kucheza naye karata, aliona kwamba mwenye kuaminika ni yule aliyekuwa akiandika makosa yake.

Vito vikasalimika, wenyewe hawakusalimika. Mwezi wa Juni 1791 walikimbia usiku kwa gari, wakatambuliwa na kukamatwa Varennes. Mfalme akauawa tarehe 21 Januari 1793, na malkia tarehe 16 Oktoba mwaka ule ule, akiwa na miaka 37. Mwana wao mdogo akafa kifungoni mwaka 1795 akiwa na umri wa miaka kumi. Akabaki binti mmoja, Marie-Thérèse.

Kasha lilikuwa limefungwa mpaka mwaka 1794, lilipofunguliwa kwa amri ya Mfalme Mkuu wa Austria na vitu vyake kuandikwa. Jozi ya bangili ikaandikwa nambari 6. Daftari hilo ndilo linalotuwezesha leo kusema kwa yakini kwamba bangili hizi ni zile zile wala si nyingine.

Marie-Thérèse alikuwa kifungoni zaidi ya miaka mitatu. Alitolewa mwezi wa Desemba 1795, alipotimiza miaka 17, akabadilishwa na mateka Wafaransa waliokuwa mikononi mwa Waaustria, naye akafika Vienna Januari 1796. Mtawala wa huko, Francis, alikuwa mtoto wa mjomba wake. Akamkabidhi vito vya mama yake. Hatuwezi kuandika yaliyopita moyoni mwa msichana yule alipolegeza ile pamba. Twajua tu kwamba bangili hakuziuza. Aliolewa na mtoto wa baba yake mdogo, akaishi ugenini miaka mingi, akarudi Ufaransa wafalme waliporudi, na mwaka 1816 mchoraji Antoine-Jean Gros alipochora picha yake alizivaa mikononi. Mwaka 1830 jamaa yake walifukuzwa tena. Akafa mwaka 1851 katika nchi ya Austria. Hakuwa na mtoto, na vito vyake vikagawiwa watoto wa shemeji yake na jamaa zao.

Tangu hapo bangili zilipita kutoka mkono hata mkono ndani ya ukoo ule, bila watu wa nje kuziona. Tarehe 9 Novemba 2021 zikatolewa mnadani Geneva, nchi ya Uswisi, na wauzaji waitwao Christie's. Walikuwa wamekadiria kwamba zingefikia dola za Marekani baina ya milioni mbili na nne. Wanunuzi wakashindana kwa simu, bei ikazidi kupanda, na pamoja na ushuru wa mnada ikafika faranga za Uswisi 7,459,000, zaidi ya dola milioni nane. Almasi 112 za kadiri ile, zenye weupe wa kawaida na zisizo na jina la mtu, zingepata sehemu ndogo tu ya bei hiyo. Aliyezinunua hakutaka jina lake litajwe.